Ufunguo Ulioonwa na Watu Elfu Arobaini

Mwalimu wa chuo cha ufundi alitoa mfukoni kitu kilichoviringishwa kwa karatasi laini, akakiweka juu ya meza ya Mzee Kitasa polepole, mfano wa mtu anayerudisha alichokiokota njiani naye hana hakika kama mwenyewe atashukuru au atamshuku.

"Mzee wangu, nimekuja kwa wema," alisema. "Naomba ulitie hilo moyoni kabla hujafungua."

Mzee Kitasa alifungua. Ndani mlikuwamo ufunguo wa plastiki ya kijivu, mwepesi kama ganda la karanga. Aliugeuza mara moja, na mara ya pili haikuhitajika. Mama humjua mwanawe kwa kikohozi tu, hata akiwa chumba cha pili. Mzee yule aliyatambua meno yale matano kama mtu asomaye mwandiko wake mwenyewe. La pili lilikuwa refu. La tatu na la nne yalilingana. La mwisho lilikuwa limelala upande kidogo, kwa sababu siku ile tupa ilikuwa mpya na ilikula shaba kupita kiasi. Meno hayo aliyachonga yeye, wiki mbili zilizopita, kwa ajili ya mlango wa mshonaji.

"Umeupata wapi?"

"Sikuupata, mzee. Nimeutengeneza." Mwalimu alijifuta jasho la shingo. "Nafundisha uchoraji wa kompyuta. Nilikuwa natazama video zako na wanafunzi, tukistaajabia mikono yako. Mwishoni uliuinua ufunguo kwenye mwanga, ukautuliza kwa vidole viwili, kama bwana harusi anayeonyesha pete. Nikaisimamisha picha hapo hapo. Nikauchora, nikauchapa kwa mashine yetu. Saa moja haikuisha. Sijui unafungua mlango wa nani, wala sitaki kujua. Lakini nadhani unafungua."

"Na kwa nini uliutengeneza?"

"Ili uamini. Ningekuja na maneno matupu ungenifukuza."

Mzee Kitasa alitaka kumwambia kwamba asingemfukuza, lakini hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Mwalimu aliaga kwa heshima, akaondoka akiwa amepungukiwa na mzigo. Mzigo wenyewe ulibaki mezani.

Kwa miaka arobaini mzee huyo alikuwa amefunga na kufungua milango ya mtaa mzima, na watu waliacha kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa na sheria, naye alizishika kama mtu ashikavyo kiapo. Ufunguo wa mteja haukulazwa wazi mezani. Ulifunikwa kwa kitambaa cheusi, hata kama karakana haina mtu. Ufunguo ulioharibika katika kuchongwa ulibanwa kwenye jiliwa ukapondwa kwa nyundo mbele ya macho ya mwenyewe. Nakala haikubaki. Wala hakuuliza kilichomo nyuma ya mlango, kwa kuwa aliamini kwamba fundi wa vitasa mwenye maswali ni mwizi ambaye hajaanza kazi.

Kisha alikuja mjukuu wake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mhitimu wa chuo, na kwa wingi wa maneno babu yake alimbandika jina la Chiriku. Alikuta karakana inapiga miayo. Wateja walikuwa wamehamia kwa mafundi wanaopatikana kwenye simu.

"Babu, tukufungulie ukurasa mtandaoni," alimwambia siku moja. "Watu wakuone ukifanya kazi."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Hiyo zamani. Siku hizi chema kisipojitembeza kinaozea kabatini."

Mzee alifikiri kwa siku tatu, akakubali kwa sharti moja: uso wa mteja usionekane. Alilitilia sharti hilo mkazo mkubwa. Kila video ilipokuwa tayari, alivaa miwani, akaitazama tangu mwanzo hadi mwisho kama msimamizi wa mtihani apitaye kati ya madawati, kisha akatamka hukumu yake: "Hakuna uso. Peleka." Video kumi na moja zilipita hivyo chini ya macho yake. Wateja walirudi. Wapita njia walimsalimia kwa furaha. Na jambo hili hakumweleza mtu: siku za kurekodi alianza kukata kucha na kusugua mikono kwa sabuni mpaka viwiko.

Sasa, akiwa na kile kijiplastiki kiganjani, alielewa alichokuwa akikitazama muda wote huo. Hakuwa akitazama funguo. Alikuwa akitazama mikono yake. Alizisitiri nyuso za watu, akaianika milango yao.

"Chiriku!"

Msichana alitoka chumba cha nyuma na simu mkononi. "Abee, Babu. Leo tunarekodi kufuli la geti?"

"Futa."

"Nifute nini?"

"Zote. Kumi na moja. Sasa hivi."

Alimweleza kwa maneno machache. Chiriku aliutazama ufunguo, vidole vikaanza kukimbia juu ya kioo cha simu.

"Nimefuta," alisema hatimaye. "Lakini Babu, ile ya mshonaji imeonwa na watu elfu arobaini. Wengine wameihifadhi kwenye simu zao, wengine wamerushiana. Hiyo siwezi kuifikia."

"Maana yake?"

"Maana yake maji yameshamwagika."

Wiki mbili nyuma mshonaji alikuwa amekuja na kitasa chake cha zamani ndani ya mfuko wa plastiki, ambacho alikwishaking'oa mwenyewe, vibaya, kwa kisu cha jikoni. "Fundi, nataka kingine kabisa," alisema. "Kuna mtu mmoja tu duniani sitaki aingie kwangu, naye ana ufunguo wa hiki." Mzee hakuuliza ni nani. Alichonga funguo tatu, akampa zote, akaenda naye hadi mlangoni kukifunga kitasa kipya. Kabla hawajatoka karakanani, mwanamke yule alizishika funguo kifuani akasema kwa sauti nyembamba, "Ahsante, Fundi. Leo nitalala." Sauti hiyo ilibaki mwishoni mwa video. Ndiyo iliyowafanya watu elfu arobaini waipende.

Mzee alipiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita. Mara ya tatu haikuita kabisa. Mtambo ukamjulisha kwamba mteja hapatikani.

"Labda chaji imeisha," alisema Chiriku.

"Labda." Mzee alikuwa tayari ameshika begi la vifaa. Alitia humo kitasa kipya ambacho hakijatoka kwenye boksi lake, bisibisi, na nyundo, ingawa nyundo haikuwa na kazi yoyote katika kufunga kitasa.

Walishika barabara ya maduka, jua likiwa linawachoma visogo. Mzee alitembea kwa kasi ambayo magoti yake yalikwishaisahau. Mbele ya kinyozi mtu aliinuka na kupunga taulo. "Mzee Kitasa! Nyota wa mtandao! Hupiti kutusalimia siku hizi, umeshakuwa mkubwa?" Wengine wakacheka. Wiki iliyopita angesimama, angetabasamu kidogo na kujifanya hapendi. Leo alipita kama hakusikia, na kicheko kikamfuata mgongoni kwa muda.

Kwenye kona ya ghala la mbao, Chiriku alimshika mkono wa shati.

"Babu, kuna jambo. Usinikasirikie barabarani."

"Sema huku unatembea."

"Chini ya ile video mtu aliandika. Hana picha, hana jina, ana namba namba tu. Aliandika: 'Sauti hii naijua. Fundi huyu yuko mtaa gani?'"

Mzee hakusimama, lakini hatua zilipoteza mpangilio. "Na wewe?"

"Nilidhani ni mteja."

"Nimekuuliza, na wewe?"

"Nilimjibu." Sauti ilikuwa imepungua hadi kuwa ya mtoto. "Nikamtajia mtaa, na duka tunalopakana nalo. Nikamwekea na uso wa kucheka. Nikamwambia karibu sana."

"Lini?"

"Siku tano sasa."

Mtu aliyeijua sauti ile, akitajiwa na mtaa, alikuwa na hakika ufunguo ule ni wa mlango upi. Babu hakumkaripia. Alitafuta neno kali, nayo maneno makali hayakumpungukia kwa kawaida, lakini kila alilolinyanyua lilimgeukia yeye mwenyewe. Binti aliambiwa afiche nyuso, akaficha. Aliyekuwa na miaka arobaini ya kujua ufunguo ni nini hakuwa yeye.

Nyumba ya mshonaji ilikuwa ghorofa ya pili katika jengo lenye ngazi za saruji zilizomenyeka kingo. Mlango ulikuwa wa kijani. Kitasa kilikuwa salama, hakina mkwaruzo, na usalama huo haukumpa mzee faraja yoyote. Ufunguo wa kweli hauachi alama. Alibisha. Akangoja. Akabisha tena na kuliweka sikio karibu na ubao. Ndani kulikuwa kimya.

Mlango wa pili ulifunguka, akachungulia mama mmoja mnene aliyeshika mwiko. "Mnamtaka fundi wa nguo? Katoka tangu asubuhi kupeleka magauni ya watu."

"Shukrani, mama," alisema mzee. "Kuna mwingine aliyemwulizia?"

"Leo ni ninyi tu. Jana jioni alisimama hapo mwanamume, nikadhani kaja kupimwa suruali. Hakubisha hodi. Alikuwa anautazama mlango tu, kama wewe ulivyokuwa unautazama."

"Akaondoka?"

"Mimi nilikuwa na chungu motoni, baba. Nilirudi ndani."

Mama huyo akaingia kwake, akafunga. Chiriku alisogea mpaka bega likamgusa babu yake.

"Babu," alinong'ona, "jaribu ule wa plastiki."

"Nyamaza."

"Nisikilize kwanza. Usipofungua, basi yule mwalimu alikosea, tunarudi nyumbani, hakuna aliyeumia na hakuna haja ya kumtisha mtu. Na kama kuna mtu ndani je?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni, nao mkono wa mzee ulikuwa mfukoni pamoja nao, bila yeye kukumbuka ulivyoingia. Alitaka kujaribu. Alitaka kuusikia ule mkwamo mdogo aujuao vizuri, wa jino lisiloketi mahali pake. Alitaka plastiki ile imkatikie ndani ya kitasa. Alilitaka hilo zaidi ya alivyotaka kujua kama mwanamke yule yu salama, na alipoigundua tofauti hiyo aliona haya mbele ya mlango usio na macho.

"Na ukifungua?" aliuliza.

"Tutajua."

"Tutajua, na tutakuwa tumetia ufunguo usio wetu kwenye mlango wa mwanamke asiyekuwapo. Anayetafuta kufanya hivyo tumeshampata mmoja, hatumhitaji wa pili." Aliutoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. "Tutasimama hapa mpaka aje."

Walisimama. Kila mlio wa viatu kwenye ngazi ulimfanya mzee abadilishe begi kutoka mkono hadi mkono. Alipanda mtu mwenye ndoo, akawapita. Aliteremka mwanafunzi anayepiga mluzi. Saa moja na zaidi ikapita. Kisha zikasikika hatua nzito, za mtu aliyebeba, na mshonaji akatokeza na marobota mawili ya kitambaa begani.

"Fundi! Shikamoo," alisema, tabasamu likianza. Kisha aliutazama uso wa mzee, na wa binti, na tabasamu halikumalizika. "Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujaingia wala hatujagusa kitasa. Ila nimekukosea, na nimekuja kukwambia kwa kinywa changu."

Alimwambia yote, akiwa amesimama wima, mikono chini. Hakusema "tumekosea" wala hakumtaja mjukuu. Alimwambia juu ya video, ufunguo ulioinuliwa kwenye mwanga, mwalimu wa chuo, sauti yake iliyosikika, mtu asiye na jina aliyeitambua, na jibu alilopewa. Mwisho akamwambia habari ya mwanamume wa jana.

Mshonaji alikuwa ameshusha marobota sakafuni bila kujua. "Video? Binti aliniambia anarekodi mikono yako."

"Ndiyo, dada," alisema Chiriku. "Mikono tu. Ila nili..."

"Sijakuuliza wewe." Alinyoosha kiganja kwa mzee. "Huo ufunguo uko wapi?"

Mzee alimpa. Mshonaji aliusogeza kwenye tundu taratibu, akausukuma, akauzungusha. Haukukatika wala haukukwama. Kitasa kilijibu kwa ule mlio laini ambao Mzee Kitasa aliwasifia wateja wake kwa miaka arobaini, na mlango wa kijani ukafunguka upana wa kiganja.

Hakuna aliyeingia.

"Tangulia wewe," alisema mshonaji. "Angalia kila mahali."

Mzee alitoa nyundo begini akaingia. Vyumba vilikuwa viwili. Alifunua pazia, akatazama nyuma ya magauni yaliyotundikwa, ambayo kwa mbali yalifanana na watu waliosimama wakingoja, akainama chini ya kitanda, magoti yakilalamika, akafungua choo. Kwenye cherehani kulikuwa na mkono wa gauni ulioachwa nusu, sindano ikiwa bado imezama kitambaani. Hapakuwa na mtu. Alirudi mlangoni akatikisa kichwa, na ndipo alipohisi shati limemgandia mgongoni.

Mshonaji aliingia, akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Nani mwingine anao?"

"Sijui."

"Wangapi walioiona?"

"Elfu arobaini."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi nilikuwa na wasiwasi na mtu mmoja." Akaugeuza ule ufunguo wa kijivu kwenye vidole vyake. "Unajua kwa nini nilikuja kwako, Fundi? Niliambiwa: nenda kwa yule mzee, yule hata kuuliza haulizi. Wiki mbili nimelala mlango ukiwa wazi, na wewe ndiye uliyenifanya nilale."

Mzee alifungua begi, akatoa boksi. "Kitasa kipya hiki hapa. Hakijafunguliwa. Nitakifunga sasa hivi, na funguo zake..."

"Hapana."

"Mwanangu, usikae hata saa moja na hicho."

"Sitakaa. Nitamwita Fundi Chapuchapu."

Jina hilo lilimchoma. Fundi Chapuchapu alifanya kazi upande wa pili wa soko, aliahidi mlango wowote kwa dakika kumi, na Mzee Kitasa alikwishasema mbele ya watu kwamba asingemkabidhi hata banda la kuku. Lakini alikirudisha kitasa begini. "Mwite," alisema. "Mimi nitasimama nje mpaka amalize, kama utaniruhusu."

"Simama. Ila usitazame."

Fundi Chapuchapu alifika kwa pikipiki, kofia ikiwa bado kichwani. Alipomkuta mzee ngazini alishtuka. "Babu! Leo nimeota au umelewa? Nyumba uliyofunga wewe, naitwa mimi?"

"Mwenye mlango ndiye aliyekuita. Fanya kazi yako vizuri."

"Sasa ushauri au vitisho?"

"Vyote viwili."

Mlango ulifungwa nusu. Mzee na mjukuu wake waliketi kwenye ngazi, wakiupa mgongo. Keekee ya umeme ililia. Mzee alisikiliza kwa sikio la fundi, akitafuta kosa: skrubu inayopenya kwa pembe, ulimi wa kitasa unaosugua chuma. Hakulipata. Kijana yule alifanya kazi safi, na kwa muda mfupi, na usafi huo nao uliuma.

"Babu, niache mimi niwaambie wengine," alisema Chiriku. Macho yalikuwa mekundu. "Niandike tangazo. Wote watalisoma leo leo."

"Na wenye nia mbaya nao watalisoma leo leo, wajue kuna milango kumi inayongoja."

"Basi tuwapigie simu."

"Mtu akimwambia mwenzake kwamba amemharibia mlango, asimame mbele ya mlango huo. Orodha unayo?"

Alikuwa nayo. Wateja kumi walikuwa wamebaki. Mzee aliisoma, akaipanga upya kwa kidole: kwanza waishio peke yao, kisha wenye watoto, maduka mwisho.

Mshonaji alitoka na kusimama mbele ya mlango wake wenye kitasa kipya, funguo zikiwa ndani ya ngumi. Hakumkaribisha ndani. "Nitalala kwa dada yangu siku chache," alisema. "Na huyo wa jana nitamripoti. Nikiulizwa shahidi nitakutaja."

"Nitaje. Nitakuja."

"Nimekasirika, Fundi. Kesho nitakuwa nimekasirika zaidi, leo bado nina hofu." Alimtazama. "Hao wengine, unakwenda kwao?"

"Ndiko niendako."

"Waambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze kitu."

Akafunga. Mzee alimsikia akizungusha ufunguo mara mbili, kisha akijaribu kitasa kwa kukivuta, kisha akikivuta tena.

Nyumba ya pili haikuwa mbali. Ilikuwa ya karani mstaafu aishiye peke yake, mwenye baraza lililofagiliwa na viti viwili vya mbao. Njiani mzee alikuwa akiyapanga maneno, na kila alipofika mwisho yalimtawanyika, akaanza upya. Alijua sasa jinsi mtu anavyoonekana dakika ile anapoacha kukuamini. Atauona uso huo mara kumi zaidi, na pengine kesho yake asiwepo tena mtaani mtu wa kumwita kwa jina lile.

Alibisha hodi. Karani alifungua mlango wote, bila kuuliza ni nani.

"Mzee Kitasa mwenyewe! Karibu, karibu ndani!" Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Yaani juzi tu nilikuwa nawaonyesha wajukuu video yako. Nikawaambia, mnaona ufunguo ule? Ule ndio wa mlango huu hapa!"

"Ndiyo, ndugu yangu," alisema Mzee Kitasa, na mkono wake ukabaki ndani ya mikono ile yenye joto. "Ni huo huo. Ndio ulionileta."